Mwenyekiti Aliyetapika Kabla ya Kusema

Sikuwahi kumwita kwa jina lake, wala simkumbuki mtu aliyemwita hivyo. Kutoka sokoni Ekalakala mpaka kwetu chini mtoni alikuwa Mwenyekiti tu, hata kanisani, ambako hakuwa mwenyekiti wa chochote. Mchungaji alipotaja wagonjwa wa kuombewa aliwataja kwa majina yao na ya baba zao, na akifika kwake alisema, "na Mwenyekiti, goti lake." Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa mwethya, kikundi cha kazi ambacho kila kijiji cha Ukambani kinakijua: wiki hii mnachimba matuta shambani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kiangazi chote mnabeba mawe mtoni kwa ajili ya wote.

Alizaliwa wapi, aliolewaje, watoto wake waliishia wapi, hayo waulizwe wengine. Mimi nilijua buti zake, sauti yake na tumbo lake. Tumbo lake ndilo lililonifanya niandike.

Buti zilikuwa za mpira, nyeusi, za kiume. Alizivaa mtoni na alizivaa harusini, chini ya gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Begani hakukosa kiondo, na ndani ya kiondo mlikuwa na chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Sote tulidhani ni maji ya kunywa. Hakuna aliyewahi kumwona akiyanywa.

Kuchelewa hakukuvumilia. Aliyechelewa kazini hakufokewa wala kutozwa faini. Alitakiwa awasalimie wote kwa mkono, mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa mstari, kazi yote ikiwa imesimama ikimngoja. Nimeona mama mwenye wajukuu akilia katikati ya salamu hizo. Mimi nilikuwa nafika kabla ya kila mtu, na nitasema ukweli kwamba sikufanya hivyo kwa bidii. Nilikuwa naogopa zile salamu kuliko nilivyoogopa nyoka.

Niliingia mwethya kwa sababu mgongo wa mama ulikuwa umekataa kuinama, na kila nyumba ilipaswa kutoa mtu. Nilikuwa kijana peke yangu kati ya wanawake. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, baba alipougua, na tangu hapo nilijisomea nyumbani kwa vitabu kuukuu visivyokuwa na majalada, nikikusudia kufanya mtihani kama mtahiniwa wa nje. Wanawake walilijua hilo na wakaniita Profesa. Hawakuniita kwa heshima. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe kamili: nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, na mtoni nilifanya vivyo hivyo na mawe. Nililiweka jiwe, nikalitoa, nikaligeuza, nikalirudisha.

"Profesa," Mwenyekiti aliniuliza siku moja mbele ya wote, "hilo jiwe unalijenga ama unaliposa?"

Walicheka mpaka makarai yakawekwa chini. Nilitamani mto ulio mkavu ujae maji ghafla unichukue.

Na huyu aliyetaka kila mtu asimame wima mbele ya wenzake alikuwa mwongo mkubwa wa mambo madogo. Kila asubuhi alituambia mawe yaliyobaki ni kidogo. Ukuta, alisema, utafika kiunoni. Ulipofika kiunoni alisema ni wa kifuani. Ulipotupita vichwa hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza, kwa maana wakati huo tulikuwa tumeshauona na tumeshaupenda.

Ukuta ulikuwa wa kuziba mto wetu wa msimu, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga mtupu. Tulipoumaliza, afisa wa maji alikuja kutoka wilayani kuueleza mradi kwa watu, na baraza likaitishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Chifu alikuwepo, mchungaji alikuwepo, viti vya darasani vilitolewa nje. Ratiba ilisema afisa ataeleza kwanza, kisha Mwenyekiti atajibu kwa niaba ya kikundi.

Mimi nilikuwa nimesikia mtu akisema kwamba Profesa huenda akaombwa kutafsiri iwapo afisa atasema Kiingereza. Kiingereza changu chote kilikuwa cha macho. Kulikuwa na maneno niliyokuwa nimeyasoma maelfu ya mara ambayo sijawahi kuyasikia yakitamkwa na binadamu. Basi afisa aliposimama, nilizunguka nyuma ya stoo ya shule nikajificha.

Mwenyekiti alikuwa pale. Alikuwa ameinama, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika gauni lisiguse chini, anatapika. Hakutapika kama mtu aliyekula kitu kibaya. Alitapika kama mtu afanyaye kazi anayoijua. Alimaliza, akatoa gunzi kwenye chupa, akasukutua, akanawa mikono na uso, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hivi kwamba gunzi lilikataa kurudi mahali pake. Ndipo akaniona.

Nilisimama kama niliyemkuta mzazi uchi. Huyu ndiye aliyekaa mchangani mbele ya lori.

Lazima niliseme la lori, maana bila hilo mshtuko wangu hautaeleweka. Malori ya mchanga yalikuwa yanatoka Nairobi kuja kuchota mito yetu, kwa kuwa mji ulikuwa unajengwa na mchanga wetu unasifiwa. Siku moja dereva aliteremka mpaka chini ya ukuta tuliokuwa tunaujenga. Mwenyekiti alitembea akaenda kukaa mbele ya magurudumu, akanyoosha miguu yenye buti kama anayeota jua. Dereva alipiga honi, akawasha injini, akasogea kidogo. Mwenyekiti alifungua kiondo, akatoa kisu na muwa, akaanza kumenya. Lori lilirudi nyuma. Wanawake waliimba mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeamini tangu siku hiyo kwamba Mungu alisahau kumwekea woga.

Nyuma ya stoo niliuliza swali la kijinga, kama anaumwa.

"Siumwi. Naenda kuongea."

Nikamuuliza kama imewahi kumtokea kabla.

"Kila mara."

"Hata ile siku ya lori?"

"Lori nilitapika nikishafika nyumbani. Hakukuwa na nafasi." Alifaulu kulirudisha gunzi. "Wewe kwani umekuja kufanya nini huku nyuma?"

Alinitazama, na nadhani aliona. Alisema itaisha, kwamba mtu akishazoea inaisha. Kisha akazunguka stoo akatokea mbele ya watu, na dakika chache baadaye nilisikia sauti yake ikipita juu ya uwanja bila kipaza sauti, imara, ikimshukuru afisa kwa maelezo yake mazuri. Sauti haikuwa na ufa hata mmoja. Nilibaki nimeegemea ukuta wa stoo, nikijaribu kuwaweka watu hao wawili katika gauni moja la bluu.

Maelezo hayo mazuri hakuwa ameyasikia. Wala mimi.

Mvua zilipokuja mto ulishuka na gharika yake, ukapita juu ya ukuta, ukapungua. Tulikimbia kwenda kuona bwawa letu. Nyuma ya ukuta hapakuwa na bwawa. Palijaa mchanga, umesawazika mpaka ukingoni kama unga uliopigwa mstari kwenye debe. Wanawake walikaa chini. Mmoja alijifunika uso kwa leso. Mwenyekiti alizunguka, akakanyaga mchanga kwa buti, akasema mto umetuibia nafasi yetu na lazima tuirudishe. Akaamuru tuuchimbe, tuutoe.

Tuliuchimba. Kwa wiki kadhaa mwethya mzima ulibeba mchanga kwa makarai, kichwani, kwenda kuumwaga chini ya ukuta. Nilichonga kingo za shimo langu mpaka zikanyooka kama meza. Ngozi za utosi zilichubuka. Kila siku Mwenyekiti alisema umebaki kidogo.

Afisa alirudi kukagua. Alisimama juu ya ukuta akatazama lile shimo, akatutazama sisi. Kisha akaeleza tena, polepole, yale aliyoyaeleza uwanjani. Ukuta ule haukujengwa ushike maji. Ulijengwa ushike mchanga. Maji hukaa ndani ya mchanga, jua haliyafikii, na ukichimba kisima kidogo wakati wa kiangazi unayakuta hapo, safi na baridi. Mchanga tulioubeba kwa vichwa ndio uliokuwa bwawa.

Baadhi ya wanawake walikuwa wameyasikia maelezo siku ya baraza, ingawa kwa Kiswahili kigumu cha ofisini. Waliyasikia, halafu Mwenyekiti alipoamuru wachimbe walidhani yeye ameelewa zaidi yao. Wengine hawakusikiliza kabisa, maana kusikiliza maofisa ilikuwa kazi ya Mwenyekiti.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, aliomba nafasi ya kusema. Nilimwona akitoka nje kwanza, na nilijua anaenda wapi. Aliporudi alisimama mbele ya kanisa lote na buti zake.

"Mchanga mliotoa, mimi ndiye niliwaambia mtoe. Afisa alieleza. Sikuwa hapo. Nilikuwa nyuma ya stoo natapika, kwa sababu mimi kabla ya kuongea hutapika. Hata saa hii nimetoka kutapika. Sasa mnajua. Kesho tunarudisha mchanga, na mkitaka mwenyekiti mwingine, mchague kesho asubuhi kabla ya kazi, sio wakati wa kazi."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Mimi nilikuwa mtu wa kuchana ukurasa kwa sababu ya herufi. Nilingoja paa lianguke. Badala yake mama mmoja alianza kucheka, cheko la kujizuia lililomshinda, kisha jirani yake, kisha kanisa zima, na Mwenyekiti mwenyewe akasimama katikati ya kicheko hicho akikitazama kama mvua aliyokuwa akiingoja. Kesho yake hakuna aliyetaja uchaguzi. Aliyechelewa alisalimia watu wote.

Mchanga haukuhitaji kurudishwa wote. Gharika ya pili iliimaliza kazi.

Miaka miwili baadaye nilipata alama za kwenda chuo kikuu. Sikuamini, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilisafiri mpaka Machakos mjini, ofisi ya elimu, kuwaomba wahakikishe hawajanichanganya na mtu mwingine. Nilirudi tena mara ya pili kuwaomba wahakikishe vizuri zaidi. Karani aliniambia kwamba watu huenda pale kulalamika wamepunguziwa, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kulalamika nimeongezewa.

Nyumbani watu walifurahi. Mimi niliacha kulala. Nairobi sikuiogopa kwa magari wala kwa wezi. Niliogopa kufungua mdomo kati ya vijana waliosoma shule za kweli, nitoe neno nililolijua kwa macho tu, na wote wageuke. Sikuwa nimekaa darasani tangu kidato cha pili. Nilimwambia mama nitangoja mwaka mmoja nijiandae. Mama, ambaye hakujua kugombana, alienda kumwita Mwenyekiti.

Alikuja jikoni kwetu akakaa karibu na mama, akachukua mbaazi kutoka ungo wake akaanza kumenya bila kuombwa.

"Wakya," alinisalimu, kama mkubwa anavyomsalimu mdogo.

"Aa."

"Nasikia unangoja mwaka. Mwaka ukiisha utakuwa nani?"

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa ni mtu pekee niliyeweza kumwambia. Kwamba nikifikiria tu lango la chuo tumbo linapanda. Kwamba nimeshatapika mara nyingi nyuma ya choo, na sijaenda popote bado. Mama aliacha kumenya mbaazi. Hakuwa anajua.

Mwenyekiti hakunihurumia hata kidogo. "Kutapika ni kazi ya tumbo," alisema. "Kwenda ni kazi ya miguu. Wewe unataka tumbo likupe ruhusa. Langu halijawahi kunipa." Alirusha ganda motoni. "Na hiyo Nairobi unaogopa ni mchanga wetu. Si ulikuwa unaona malori? Nenda uangalie kama waliupanga vizuri. Wewe ndiye unajua kupanga."

Mama alicheka. Mimi pia, nusu. Aliponyanyuka kuondoka aliniambia tena kwamba nikizoea itaisha. Nililishika neno hilo moja katika yote. Nilienda Nairobi nikiwa nimeshika hilo tu: itaisha.

Haikuisha. Muhula wa kwanza nilikaa karibu na mlango katika kila mhadhara. Niliujua ukumbi wa kulia chakula ukiwa mtupu, kwa sababu nilienda kabla haujafunguliwa vizuri. Katika semina kila mwanafunzi alipaswa kusimama siku yake asome kazi yake mbele ya wenzake. Siku yangu ilipofika nilisema naumwa. Nikapewa siku nyingine. Nikasema naumwa tena. Kazi yenyewe nilikuwa nimeiandika upya hata sikumbuki mara ngapi, na ilikuwa nzuri, nalijua hilo. Mhadhiri aliniambia kwa upole kwamba nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho, na bila hiyo nimeanguka. Nilirudi bwenini nikafunga sanduku langu la bati.

Asubuhi niliyopanga kuondoka nilipata ujumbe, kupitia kwa binti wa kwetu aliyeuza viondo mjini, kwamba Mwenyekiti yuko Nairobi. Shirika fulani lilikuwa limemwalika hotelini kuwaeleza wageni kutoka nchi mbalimbali habari za kuta zetu za kushika mchanga, ambazo sasa zilikuwa nyingi mtoni. Anataka niende. Niliona ni bahati: nitarudi nyumbani pamoja naye, na yeye atamweleza mama.

Nilimtafuta kwenye ukumbi, hakuwepo. Niliuliza mlangoni, hawakujua. Kisha miguu yangu ikajipeleka yenyewe nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka na tuta la maua.

Alikuwa ameinama juu ya maua, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika gauni. Nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe. Nilingoja amalize, nikamfungulia ile chupa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko nilivyoikumbuka.

Sijui kwa nini hilo lilinipiga kiasi kile. Nilihisi kama nimedanganywa na daktari.

"Mwaitu," nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwetu, "ulisema inaisha."

"Mimi?"

"Ulisema mtu akizoea inaisha. Mara mbili."

Alisukutua, akatema, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na wewe uliamini? Mimi huwa nasema hata mawe yamebaki kidogo."

Nilikaa kwenye ukingo wa lile tuta la maua. Nilimwambia yote, semina, ugonjwa wa uongo, sanduku. Nilimwambia narudi naye leo. Hakubisha, na hilo lilinishtua pia.

"Sawa. Gari linaondoka alasiri. Sasa hivi niko na mkutano. Hapo katikati utanisaidia." Alijifuta uso. "Huyo kijana wao anayenitafsiri simtaki. Wageni wakija mtoni, nikieleza vile tulitoa mchanga, anasema kidogo halafu anapita. Najua anaruka."

Nilimuuliza angejuaje na hajui Kiingereza.

"Watu hawacheki. Hapo watu hucheka kila mahali. Wakinyamaza najua amenisitiri. Mimi sijaomba kusitiriwa. Mtu akienda kujenga ukuta kwao, akiona mchanga umejaa, atachimba kama sisi. Wewe utasema Kiingereza. Usiruke."

Niliinuka kusema hapana. Kilichotoka hakikuwa neno. Niliinama palepale juu ya maua yaleyale, na Mwenyekiti alinishika kola nisianguke mbele. Nilipomaliza alinimiminia maji mikononi, kidogo kidogo, kama mtu anayenawishwa kabla ya chakula, kisha akatikisa chupa kusikiliza yaliyobaki.

"Ya kwako ni makubwa kuliko yangu," alisema. "Umemaliza?"

"Sijui."

"Basi twende hivyo."

Ukumbi ulikuwa umejaa na ulikuwa baridi. Yule kijana wa shirika alinipa kipaza sauti kwa uso wa kuudhika. Mwenyekiti alisema kwa Kikamba, kwa ile sauti isiyo na ufa, nami nikasema kwa Kiingereza kwa sauti yenye nyufa kila mahali. Kuna neno nililolitamka vibaya. Mzungu mmoja mstari wa mbele alilirudia taratibu kwa midomo yake, akilitafuta. Niliona. Nilihisi ule moto wa kutaka kuchana ukurasa. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaendelea, na ilibidi nimfuate.

Akafika pale. Alisema mvua zikaja, mchanga ukajaa, na yeye akawaambia watu watoe wote. Akanigeukia, na ukumbi wote ukanigeukia.

Nilisema. Sikuruka karai hata moja. Nilisema kwamba siku ya maelezo hakuwepo, alikuwa nyuma ya stoo akitapika kwa woga, na nikasikia mdomo wangu ukiongeza, bila ruhusa yangu, kwamba mimi nilikuwa hapo nyuma pamoja naye nimejificha, na kwamba asubuhi hii tumetoka kutapika wote wawili kwenye maua ya hoteli hii.

Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi alianza, cheko la kujizuia lililomshinda. Kisha likaenea. Mwenyekiti alitazama watu hao wa nchi nyingi wakicheka, akatikisa kichwa mara moja kwa kuridhika, akaendelea na habari za kisima.

Alasiri nilimsindikiza kwenye gari. Hakuuliza sanduku liko wapi, na mimi sikulitaja. Lilikuwa chini ya kitanda bwenini, bado limefungwa, na siku yangu ya semina ilikuwa keshokutwa. Nilimpandishia kiondo, nikaona ameshaijaza ile chupa mahali fulani, na gunzi ni jipya. Kwa dakika hiyo nilidhani ataniachia. Nilikuwa hata nimeshanyoosha mkono.

Aliisukuma chini zaidi kwenye kiondo.

"Tafuta yako," alisema. "Mimi Ijumaa niko na baraza."